Kilio Alichokishangilia Mama Immaculate

Jua la Voi halijachacha, lakini Tryphena ameshaloa hadi viwikoni. Anafua mashuka nyuma ya gesti moja karibu na stesheni, midomo ikimchezacheza kama anayebishana na mtu.

"Ni Demeta tena huyo?" anamtania Mwanamvita, mpishi wa hapo. "Mama Immaculate, hao Wagiriki wako watakutia wazimu!"

Wawili hao husoma pamoja darasa la jioni la watu wazima. Muhula huu mwalimu Ronald aliwaletea hadithi ya kale: Demeta, mungu wa mavuno, alinyakuliwa bintiye na mfalme wa kuzimu. Mama akagoma. Hakuna mbegu iliyoota mpaka binti aliporudishwa, na kwa vile alishaonja komamanga huko chini, na alaye cha kuzimu hufungwa nako, ikabidi kila mwaka arejee kwa mumewe kwa muda.

Mwalimu aliwataka waisome kwa macho tofauti. Kwa jicho la mkulima, ni maelezo ya kiangazi na mvua. Hilo Taita Taveta nzima inalielewa. Kwa jicho la wanawake, baba wa binti ndiye aliyekubali achukuliwe, binti mwenyewe hakuulizwa. Kwa jicho la nafsi, pengine mama ndiye asiyejua kuachilia.

"Mimi niko na hao wa nafsi," Mwanamvita aliwaambia wenzake. "Mtoto kaolewa, wewe wanyima dunia nzima chakula? Kwetu ungeitwa kisirani!"

Darasa likaangua kicheko. Tryphena hakucheka. Alikuwa amekwama pale binti anapopiga mayowe, na mama anayasikia.

Katika ukoo wao huko milimani, bi harusi hubebwa juujuu na vijana wa upande wa bwana, naye sharti alie. Asipolia, watu husema alikuwa na haraka ya mume. Ndivyo alivyobebwa Immaculate, binti yake Tryphena, alipoolewa Chala, kule mpakani.

"Alilia, akaniita, 'Mama! Mama!'" anasema Tryphena, akikamua shuka. "Nikamwambia shangazi yake, huyu kilio amekiweza. Demeta alisikia akakimbia. Mimi nilisikia, nikapiga vigelegele."

Siku hizi akimpigia simu, Immaculate husema mahindi yamekubali, watoto hawajambo. Basi. Sauti yake ni kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Kwani mkweo ni mtu mbaya?" anauliza Mwanamvita.

"Sijui. Hilo ndilo linaloniuma. Huenda wanapendana sana. Sijawahi kuuliza."

"Si uende," anasema Mwanamvita, safari hii bila utani.

"Mama wa bi harusi haendi kwa mkwe bila kualikwa."

"Na Demeta alialikwa na nani?"

Tryphena anatabasamu kidogo. Ameshaomba ruhusa ya Jumamosi. Atapanda gari hadi Taveta, kisha bodaboda hadi Chala. Hatamwuliza bintiye kama yuko salama, maana jibu atakalopewa analijua.

"Nitangoja tubaki wawili shambani. Nimwulize, siku ile kilio kilikuwa cha harusi, ama ulikuwa unaniita kweli?"

Analitandaza shuka kambani, analinyoosha kwa viganja.

"Akisema alikuwa ananiita, nitaitika. Nimechelewa, lakini nitaitika."