Nusu Ndoo ya Maji

Kijiji kile cha Chemba kilikuwa kimeshachimbiwa kisima kimoja, kikatoa vumbi tupu. Mtambo wa kuchimba ungerudi mara moja tu, na mimi ndiye niliyetumwa kuonyesha utoboe wapi. Nikikosea, kina mama wangeendelea kufukua mchanga wa mtoni kutafuta maji.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unapigilia vijiti vya chuma ardhini, unaviunganisha na betri kwa nyaya, unapeleka umeme chini, na mashine inakuambia kama umepita kwa shida au kwa urahisi. Mwamba mkavu huukataa. Penye maji hupita. Kadiri unavyoviachanisha vijiti ndivyo umeme unavyozama zaidi. Nimeifanya miaka mingi na bado mwili hunisisimka, kupata habari za mahali ambapo hakuna jicho lililowahi kufika.

Siku ile ardhi ilikuwa kavu mno, umeme haukuingia ng'o. Namba za mashine zikawa zinarukaruka. Dawa yake ni kuvimwagia vijiti maji ya chumvi, nami kwa ujuaji wangu nilikuwa nimebeba chumvi, maji nimeyasahau. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka mtoni na ndoo kichwani akasimama kututazama, mimi na dereva wangu.

"Shikamoo, bibi. Naomba maji kidogo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una kiu?"

"Hapana. Ni ya kumwaga chini."

Alivitazama vile vijiti. Kisha akatua ndoo, akanimiminia nusu. Nilipotia chumvi akaguna.

"Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe umekuja kutuharibia hata haya kidogo. Nimeyafuata tangu alfajiri."

Niliona aibu kubwa, lakini nikamwaga. Namba zikatulia. Dereva akazidi kuvuta nyaya, hata kupita zizi la mwisho, na huko chini kabisa namba zikaanza kushuka, dalili kwamba umeme unapita kwa urahisi. Mwamba ulikuwa umepasuka na kushika kitu. Hata hivyo, kushuka vile kunaweza kuwa udongo mzito wa mfinyanzi, au maji ya chumvi yasiyonyweka, na mashine haijui kuonja. Nikapigilia kigingi, nikamwomba Mungu.

Mtambo ulipokuja nilikuwepo. Ulitoboa asubuhi nzima: vumbi jekundu, vumbi jeupe, kisha tope, kisha maji yakaruka juu kuliko paa la gari. Hakuna aliyeshangilia. Watu walimgeukia yule bibi, maana maji yake ndiyo yaliyotangulia chini. Akakinga kikombe, akaonja, akafumba macho. Roho yangu ilikuwa mkononi.

Alikinga ndoo yake ileile mpaka nusu, akaja kuitua miguuni pangu.

"Kunywa," akasema. "Na haya usiyatie chumvi."