Pilipili ya Wodi ya Malale

Kama umewahi kulazwa hospitali yetu ya misheni hapa Kwilu, Mama Lumeya unamjua, maana sauti yake inakufikia kabla ya sahani yake. Ni mfupi, mikono imejaa, ana kovu la mafuta ya mawese chini ya kidevu, na ole wako uguse sufuria yake. Yeye ni mpishi wa wodi ya malale, mimi ni muuguzi wa wodi hiyohiyo. Tumegombana kuliko mke na mume, kwa hiyo nikimsifu hapa ujue amestahili.

Chakula chake zamani kilikuwa kibaya. Nalisema waziwazi, na mwenyewe hakatai. Ugali wa muhogo uliopoa mpaka ukawa mgumu kama kisigino, kisamvu kisicho na chumvi, samaki wa kuchemsha aliyeachwa dirishani hadi joto lote limtoke. Pilipili ndiyo usiitaje kabisa. Na si kwamba alikuwa hajui kupika. Alipika hivyo makusudi, kwa ajili ya mwiko.

Mwiko huo huku kwetu hata mtoto anaujua. Ukitibiwa malale, nusu mwaka mzima hugusi pilipili, huli cha moto, hukai juani, hulali na mwenzio. Ulitokana na dawa ya zamani, na walioionja walikuwa na haki ya kuogopa. Ilikuwa na sumu ndani yake, ndugu yake ile wanayotegea panya. Tuliichoma kwa bomba la sindano la kioo, kwa sababu la plastiki lilikuwa haliivumilii. Mgonjwa alipiga kelele kwamba tumemtia pilipili kwenye mshipa. Wengi walipona, sikatai. Lakini katika kila watu ishirini, mmoja hivi alikufa kwa dawa yenyewe: ilimpanda kichwani, akatetemeka, akazimia, basi. Tuliitoa hivyohivyo, roho zikituuma, kwa sababu malale usipoyatibu yanamaliza.

Mama Lumeya alichomwa dawa hiyo akiwa msichana, pamoja na kaka yake Gipangu, vitanda vimepakana. Yeye akapona, kaka akafa. Baadaye akaja kuomba kazi jikoni kwetu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akitia pilipili mdomoni, hata kwenye harusi, hata ile nusu mwaka ilipokwisha kupita zamani. Tulimtania kwamba anakula kama mtoto asiye na meno. Alitusonya, akaendelea kutafuna ugali wake wa baridi. Sisi tulidhani ni woga tu.

Basi wakaja watafiti na dawa mpya. Ilikuwa vidonge! Dawa ya malale ya kumeza, bila bomba, bila mshipa. Mimi niliyeshika mikono ya watu wakilia miaka yote ile, nilivitazama vile vidonge nikatamani kucheza ngoma palepale. Vilikuwa vimeshajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wazima wenye afya huko mbali. Sasa vilihitaji wenye ugonjwa wenyewe, na wenye ugonjwa ni sisi. Daktari Munzele, kijana wa hukuhuku aliyesomea Kinshasa, alikaa na kila mgonjwa na jamaa zake akaeleza kwa Kikongo mpaka koo likakauka: nani atapata vidonge na nani atapata dripu, tiba ya kawaida iliyochukua nafasi ya ile ya sumu, itaamuliwa kwa kura, ili dawa hizo mbili zipimwe kwa haki, na asiyetaka arudi kwenye tiba ya kawaida bila kununiwa. Mzee mmoja alisema yeye si panya wa mtu. Aliposikia kwamba kwenye vidonge hakuna bomba la kioo, akauliza kura inapigwa saa ngapi.

Vidonge vilikuwa na sharti moja. Mgonjwa ale kwanza, ale ashibe, ndipo ameze mbele yangu. Tumbo likiwa tupu, alisema Daktari, dawa inapita tu kama mpita njia, damuni haiingii. Sote tukaitikia. Na Mama Lumeya akaitikia, akaenda jikoni, akapika chakula kilekile cha mwiko.

Katika kundi la kwanza alikuwemo Mayamba, binti yake wa pekee. Ugonjwa ulikuwa umeshamwingia kichwani. Alikuwa akilima anasinzia na jembe mkononi, usiku macho makavu. Jumapili moja alimtukana mama mkwe wake mbele ya kanisa zima, matusi ya nguoni, kisha akalala kwenye ngazi. Watu wakasema ana kiburi, wengine wakasema amerogwa. Alipopimwa maji ya mgongo, vimelea wakaonekana. Kura ikamwangukia kwenye vidonge, na mama yake akaniambia kwamba usiku ule yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alilala usingizi mzuri.

Furaha hiyo haikudumu. Mama mwenyewe alimlisha kwa mkono wake, tonge baridi, kisamvu cha bila chumvi. Mayamba alikula mawili matatu, akafunga mdomo. Akameza vidonge, akavitapika. Kesho yake vilevile. Vitanda vingine navyo havikuwa na nafuu kubwa, sahani zilirudi jikoni zimejaa. Daktari alitangaza wodini kwamba dawa hii haina mwiko, leteni chumvi, leteni vya moto. Jamaa za wagonjwa walimwitikia kwa heshima zote, akageuka, wakapepea chakula kipoe. Kwao mwiko ulikuwa wa malale, si wa dawa ile wala hii.

Siku ya tatu Daktari alituita kando. Mayamba asipobakisha dawa tumboni, atatolewa kwenye vidonge na kuwekewa dripu, hakuna namna. Mikono ya Mayamba nilikuwa nimeshaikagua. Alikuwa amekonda, mishipa imejificha, na dripu zile zinataka mshipa mchana na usiku. Mama Lumeya aliposikia neno mshipa alishika ukuta. Alirudi kitandani na sahani, akaanza kubembeleza upya.

Mayamba akafumbua macho.

"Mama," akasema, "nipe mbinzo. Wa moto. Wenye pilipili."

Mbinzo ni viwavi wetu wa kula, wanono, na msimu wao ulikuwa ndio umeanza. Hakuna cha ajabu mgonjwa kuwatamani. Lakini Mama Lumeya aliiachia sahani ikaanguka, akatoka nje karibu kukimbia, na mimi nikamfuata na Daktari akanifuata mimi. Tulimkuta amekaa kwenye kuni zake.

Akasema, bila kututazama, "Maneno hayohayo. Gipangu aliniomba kwa maneno hayohayo. Alikuwa amemaliza sindano zote, yuko mzima, anacheka. Akasema mara moja tu, dada, nani atajua. Mimi nilikuwa nimeshapata nguvu za kusimama, nikampikia. Kesho yake akaanza kutetemeka, na jioni wakamfunika shuka. Nilimuua mimi, kwa kuvunja mwiko huu. Sasa mnataka nimuue na huyu?"

Miaka yote ile tumemcheka, kumbe mwenzetu alibeba hilo. Nilijisikia vibaya.

Daktari alichuchumaa mbele yake. Hakumwambia kwamba mwiko ni upuuzi, na hapo nilimpenda. Alimwuliza kwa upole wengine waliokufa wodini wakati ule ni akina nani. Akawataja: mke wa mwalimu, mvuna chikichi mmoja wa ng'ambo ya mto, na msichana wa kitanda cha mlangoni.

"Nao walikula pilipili, Mama?"

"Hapana," akasema. "Mke wa mwalimu hata chumvi alikuwa hagusi. Aliushika mwiko kuliko padri."

Daktari akamweleza basi kwamba dawa ile ndiyo iliyoua, iliua waliokula pilipili na wasiokula, na haikujali. Mama Lumeya alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafuta uso kwa khanga, akasimama, na ule ukali wake ninaoujua ukamrudia.

"Hayo ni maneno, mwanangu. Nyinyi dawa zenu hamziamini kwa maneno, mnazijaribu kwanza. Basi na mwiko nao ujaribiwe."

Akawasha moto. Harufu ya mbinzo na vitunguu kwenye mafuta ya mawese ikaingia wodini, na watu ambao walikuwa wamelala wakajiinua kwa viwiko. Pilipili alitia ile ndogo nyekundu, ya kuadabisha. Alikuja na sufuria ikitoa moshi, akasimama kati ya vitanda, akala yeye kwanza. Daktari alimnong'oneza kwamba kitaalamu hilo halithibitishi chochote, yeye alishapona zamani.

"Nyamaza wewe," akamwambia. "Jaribio lako nimeliheshimu, na wewe heshimu langu."

Alikula, machozi na makamasi yakamtoka, akakohoa, wodi nzima ikacheka, naye akaendelea. Alipoona bado amesimama, akakaa kitandani kwa binti yake. Akamega ugali wa moto. Mayamba alikula tonge baada ya tonge, akaomba tena, akalamba vidole. Nikampa vidonge. Akameza. Tukasubiri atapike, hakutapika.

Siku hiyo Mama Lumeya hakupika tena, nilipika mimi, na alinisema hata hivyo. Alikaa ameshika mguu wa Mayamba akingoja utetemeke. Kesho yake asubuhi nilimkuta palepale, macho mekundu. Mayamba alikuwa amekaa, anamwuliza mama yake kwa nini ananuka kitunguu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwona ameamka mchana. Mchana huohuo vitanda vyote vikadai pilipili, ikabidi Daktari awanyime wenye vidonda vya tumbo, nao wakalalamika kwamba wanaonewa.

Baada ya hapo sahani zilirudi tupu na dawa ikakaa matumboni. Mayamba alimaliza vidonge vyake akarudi shambani. Lakini malale hayaaminiki upesi. Karibu miaka miwili alikuwa anaitwa kuchomwa mgongoni maji yapimwe, na kila alipokuja, mama yake alizima moto jikoni na kusimama nje ya mlango wa maabara. Mara ya mwisho Daktari mwenyewe alitoka na jibu. Maji safi, hakuna kitu, amepona. Mayamba alicheka, akasema sasa hana kisingizio tena kwa mama mkwe wake.

Mama Lumeya hakucheka wala hakupiga vigelegele. Alirudi jikoni, akawasha moto, akaanza kukatakata pilipili za watu wa mchana. Nilimfuata nikidhani anaumwa.

"Odile," akaniambia, "Gipangu sikumuua mimi."

Nikamwambia ndiyo, Mama, hukumuua. Akasema anajua, alitaka tu kusikia mtu mwingine akilisema. Akanitaka nilirudie. Nikalirudia kwa sauti kubwa, mpaka wagonjwa dirishani wakageuka kutazama. Akaitikia kwa kichwa, akaweka kisu chini, ndipo akamlilia kaka yake.