Koleo la Mwenye Mzani

Nyumba yangu ndiyo ya kwanza upande huu wa Kimali kuezekwa bati la rangi, na cheti changu cha stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo nimekitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa lazima akione. Sioni haya kusema hivyo. Wapo watu waliotamani cheti hicho kisiwepo duniani, na mmoja wao hupita mbele ya nyumba yangu kila siku akienda dukani kwake. Nataka akione hata akiwa barabarani. Ndiyo maana dirisha lile sijaliwekea pazia.

Wazazi wangu walikuwa kati ya watu wa mwanzo kuifungua mbuga hii kwa kilimo cha pamba. Walitoka upande wa Maswa na jembe la kukokotwa na ng'ombe, wakakuta migunga na fisi. Kila kaya iliyohamia ilijenga kwanza zizi la ng'ombe, halafu nyumba. Baba yangu alijenga zizi la punda. Walimcheka sana. Kwa Wasukuma mtu hupimwa kwa ng'ombe, na punda hatolewi mahari.

"Ngosha," walimwambia, maana yake mwanamume, "mwanao utamwozea masikio marefu?"

"Nitamwozea miguu," baba alijibu. "Masikio nitakula mwenyewe."

Mavuno yalipofika hakuna aliyecheka. Lori halikuweza kuingia mashambani, na ng'ombe walikuwa wamechoka na kulima. Pamba ilitoka shambani hadi kituo cha kununulia kwa mgongo wa punda, na maji yalitoka lamboni hadi nyumbani kwa mgongo uleule. Kidogo kidogo kila kaya ikatafuta punda jike wake. Lakini dume alikuwa mmoja tu, wa baba.

Hapo ndipo penye ujinga wa watu wetu, na nausema kwa sababu mimi ni mmoja wao na nimeusomea. Kwetu fahali wa jirani halipiwi. Mifugo hukutana lamboni, fahali akampanda jike wa mtu, na mwaka unaofuata mwenye jike anapata ndama bila hata kusema asante. Watu wakadhani punda ni vivyo hivyo. Tena punda dume ni msumbufu: anauma, anapiga kelele, anavunja uzio akisikia harufu ya jike. Basi kila aliyezaliwa dume alihasiwa ili avute mkokoteni kwa adabu. Mbegu wakamwachia baba, na baba hakumdai mtu yeyote kitu chochote.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeona thamani ya dume yule. Alikuwa mchuuzi wa maji wa Bariadi, aliyekuwa na mikokoteni mjini. Alikuja kwetu akamzunguka dume yule, akamshika mabega, akamwinua kwato, kisha akamwambia baba: "Mimi nitakuletea majike wangu kila mwaka. Mwanao akifaulu, atakaa kwangu Bariadi asome sekondari, ale chakula changu mpaka amalize." Wakapeana mikono. Chumba changu, sahani yangu na daftari langu vyote vilikuwa ndani ya dume yule. Nililijua hilo, nikawa namkatia majani kabla sijanawa uso.

Sasa nimseme mwenye mzani. Alikuwa na duka, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na mzani wa pamba ulikuwa chini ya mkono wake. Akitazama gunia lako akasema ni pamba safi, ni safi. Akisema ni fifi, yaani pamba chafu ya daraja la chini, ni fifi hata ingekuwa nyeupe kama maziwa. Mwanawe tulikaa dawati moja. Mimi nilikuwa namwonyesha hesabu, naye ananipa andazi la dukani kwao. Tulifanya mtihani wa darasa la saba pamoja. Matokeo yalipobandikwa, mimi nilikuwamo, yeye hakuwamo. Mwenye mzani alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu, kisha akanigeukia mbele ya walimu.

"Kumbe hata punda siku hizi wanafaulu," alisema.

Walimu wakacheka. Nakumbuka sura ya kila aliyecheka.

Jioni moja, kabla mchuuzi wa Bariadi hajaja na majike wake, dume wetu alirudi kutoka lamboni akitembea kwa kutanua miguu ya nyuma. Hapakuwa na damu wala jeraha. Korodani zilikuwa zimevimba, na alipoguswa alitetemeka mwili mzima. Baba alipiga magoti nyuma yake, akashika palipovimba. Hakuhitaji mtu wa kumwambia. Kipo chombo cha chuma, koleo kubwa la kuhasia, kinachoponda mishipa ndani bila kukata ngozi. Kijijini kwetu lilikuwapo koleo moja tu. Mwenye mzani alilinunua kwa ajili ya maksai wake, na wengine wote walimwazima.

Baba alimfuata kituoni. Nilikwenda naye. Watu walikuwa wamepanga magunia yao mstari mrefu.

"Mwadila," baba alisalimia, kama ilivyo adabu ya jioni.

"Mwadila. Umeleta pamba?"

"Nimekuja kuuliza koleo lako lilikuwa kwa nani leo."

Mwenye mzani hakuinua macho. "Koleo langu linalala ndani. Punda wako kapigwa teke na mwenzake. Au kaumwa na fisi asiye na meno."

Mtu mmoja kwenye mstari akacheka. Wengine wakainamia magunia yao, wakaanza kuchambua pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Walijua wote. Lakini mzani haukuwa wao. Baba aliwatazama mmoja mmoja, akasubiri hata mmoja aseme neno, halafu tukarudi nyumbani.

Mchuuzi wa Bariadi alikuja, akamwachia dume majike wake, na dume akaendelea kula majani. Mchuuzi akawafunga kamba, akaondoka nao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara.

Mimi nikapelekwa Nassa kwa mjomba. Huko nilianika dagaa mchangani, nikabeba magunia ya wenzangu, nikasoma mwenyewe na kufanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku vidole vikinuka samaki mpaka msimamizi akanihamishia karibu na dirisha. Nikafaulu. Nikaomba chuo cha mifugo, nikapata. Waliokaa na mimi darasani walikuwa watoto waliosomeshwa na wazazi wenye mishahara. Niliwapita. Mwalimu alipofundisha kuhusu koleo lile, akauliza nani amewahi kuliona likitumika vibaya, sikunyoosha mkono. Nilinakili tu kila neno.

Baba alifariki nikiwa chuoni. Alikufa bila mtu yeyote kumwambia ukweli aliokuwa anaujua.

Niliporudi Kimali na stashahada yangu nilikwenda kwanza lamboni. Nilisimama pale asubuhi nzima nikitazama wanyama wakinywa. Punda waliokuwepo walikuwa majike na mahasi tu. Sikuona mtoto hata mmoja akinyonya. Wafanyabiashara wa ngozi walikuwa wamepita wakawapunguza sana, na waliobaki walikuwa wanazeeka bila kuzaa. Nikawauliza wanawake waliokuwa wakichota maji.

"Mizimu imekasirika," alisema mmoja.

"Ni hali ya hewa," alisema mwingine. "Kwenye redio wanasema."

"Dume yuko wapi?" niliuliza.

Wakatazamana. "Si yupo tu kwa watu?"

Kila kaya ilikuwa inangoja dume wa jirani, na jirani alikuwa anangoja wa kwao. Tangu dume wa baba, hapakuwa na mwingine. Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani.

Nilisafiri hadi upande wa Mbulu, nikanunua dume mrefu, mweusi mgongoni, mwenye sauti inayofika kijiji cha pili. Sikumpeleka lamboni hata siku moja. Nilimjengea uzio wa nguzo na lango la chuma, na mtu anayetaka mbegu alikuja langoni kwangu. Huyu alileta nguzo, huyu mabua ya mahindi kwa chakula cha dume, huyu alinilimia. Hakuna aliyelalamika. Mwaka uliofuata watoto wa punda walikuwa wanarukaruka njiani, na watu waliokuwa wakiniita mtoto wa mwenye punda wakaanza kuniita daktari. Mimi si daktari, ila sikuwasahihisha.

Wote niliwafungulia, isipokuwa mwenye mzani.

Yeye alikuwa bado na duka, na sasa alisafirisha pamba ya watu kwa mikokoteni, pamoja na maji ya shule. Mikokoteni yote ilivutwa na majike wake, na hakuna kaya iliyokubali tena kumuuzia jike anayeweza kuzaa. Mwanzo alituma watu. Jirani yetu, mama mtu mzima, alikuja na jike akijifanya ni wake.

"Mwangaluka, daktari. Nimekuletea huyu wangu, yuko kwenye joto."

"Mwangaluka, mama. Huyu wako kakatwa sikio kwa alama ya dukani?"

"Ah, hiyo ni… alijikwaruza na miiba."

"Mwiba uliosoma shule, ukakata pembetatu." Waliokuwa langoni wakacheka mpaka wakakaa chini. "Mrudishe, mama. Mwambie mwenyewe aje. Atanikuta hapa, na nitamfungulia siku atakayosema nani alilishika koleo. Aseme hapa, mama yangu akisikia."

Nilitoa neno hilo mbele ya watu, nao wakalipeleka dukani kabla jua halijawa kali. Hakuja. Msimu ukapita, mwingine ukapita. Nilikuwa nawaona majike wake wakipita na mizigo, na kwa jicho la mtu aliyesoma nilihesabu umri wao kwa namna wanavyoinua kichwa na kuburuza kwato. Sikuwa na haraka.

Alikuja mwaka huu, mavuno yalipokaribia. Alikuja na majike wawili, akiwa amevaa koti licha ya joto. Langoni palikuwa na watu wengi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani akichambua pamba, akitenga safi na fifi.

"Mwangaluka, mwanangu," alisema.

"Mwangaluka, mzee."

"Nifungulie. Mambo ya zamani tuyaache."

"Lango lina neno lake, mzee. Umeletewa."

Akatazama watu. Hapakuwa na mstari wa magunia hapa, na hakuna aliyeinama. Wote walimwangalia usoni.

"Koleo lilikuwa langu," alisema.

"Hilo kila mtu analijua. Mkono?"

"Mkono ulikuwa wangu." Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. "Nilimkamata kwenye matete, nyuma ya lambo."

Mama aliacha kuchambua. Nikauliza swali ambalo sikuwa nimelipanga. Miaka yote nilidhani alifanya hivyo kwa sababu dume alisumbua majike wake msimu wa mizigo.

"Kwa nini?"

"Mchuuzi wa Bariadi alinisimulia dukani makubaliano yake na baba yako," alisema. "Mwanangu alikuwa analia ndani, hataki kula. Sikutaka akuone ukipita na sanduku la shule mbele ya duka langu."

Kusema kweli nilisikia raha. Mtu mzima mwenye duka na mzani aliingia kwenye matope ya lambo, akajificha kwenye matete, kwa kumwogopa mtoto wa darasa la saba. Hakuna chuo kilichowahi kunipa alama kubwa kama hiyo.

Nikamfungulia. Nilisema nitafungua, na mimi neno langu halirudi. Aliingiza majike wake, uso ukiwa umepata nuru kidogo. Nikamshika wa kwanza mdomo, nikamfungua mbele ya watu, nikamwonyesha meno.

"Unaona, mzee? Yameisha mpaka kwenye fizi." Nikamfungua wa pili. "Na huyu ni hivyohivyo. Hawa hawatashika mimba tena. Ungewaleta mwaka ule niliokuita, wangezaa."

Alinitazama. "Ulijua?"

"Nimesomea."

"Leo kabla sijasema, ulijua?"

"Nilijua tangu mwaka jana. Wewe uliahidiwa lango, mzee, na lango liko wazi. Watoto hukuahidiwa."

Hakutukana. Aliwageuza majike wake ndani ya uzio wangu, wakagongana kwa sababu nafasi ni nyembamba, na hakuna aliyesogea kumsaidia kuwanyoosha. Alipita katikati ya watu akiwaambia "nipisheni, nipisheni," wakampisha polepole sana. Dume wangu alinusa nyuma ya wale majike mara moja, akarudi kwenye mabua yake.

Alipopotea kwenye kona mama aliniita kibarazani.

"Baba yako angemwambia mapema kwamba wanazeeka," alisema.

"Najua, mayo."

"Na angemfungulia siku ya kwanza."

"Ndiyo maana walimfanyia walivyotaka," nilisema.

Mama alinitazama, kisha akarudisha mikono kwenye pamba yake. Mimi nikarudi langoni, nikamwita mwanamke aliyefuata, nikashika taya la punda wake. Meno yalikuwa mazuri.