Mstari Uliovuka Ukurasa

Idara ya Lishe imetamka, na tamko limepigwa chapa kwa wino wa kijani, kwamba kuanzia sasa hakuna sababu yoyote inayokubalika ya mwananchi kutoka nyumbani kwake asubuhi na tumbo tupu. Asiye na maziwa asisingizie maziwa. Ambaye maziwa hayamkubali asijitetee kwa tumbo lake. Ndizi moja mbivu, kipande cha papai, nusu embe msimu ukiruhusu, glasi mbili za maji na mashine ya kusagia: kinywaji laini cha matunda huandaliwa nyumbani kwa dakika tano, na mtu yeyote, bila mafunzo. Tamko halikueleza wasio na umeme wasage na nini, lakini matamko hayana desturi ya kumaliza kila kitu.

Kabla ya kubandikwa kama kipeperushi kwenye kuta za zahanati zote, maneno hayo yalipita mikononi mwa msoma prufu, mkagua makosa wa kiwanda kimoja cha chapa, mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine ikining'inia kifuani kama ya akiba. Kazini walimwita Nukta. Jina hilo alipewa na wapangaji kurasa siku aliporudisha kalenda nzima, majani yote kumi na mawili, kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana chini ya mwezi wa Agosti. Walidhani wanamkejeli. Yeye aliona hatimaye wamemwelewa.

Nyumbani aliishi na mkewe, fundi cherehani, kwa miaka thelathini na mmoja. Mkewe alikuwa akimwachia vikaratasi mezani: lete nyanya, lete sabuni, usichelewe. Nukta alirudi na nyanya, na sabuni, na kikaratasi chenyewe kikiwa kimesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

"Siku moja utanizika," mkewe alimwambia, "halafu utasimama pale kusahihisha maandishi ya kaburi."

"Yakiwa na kosa, nitafanyaje?"

Kifungua kinywa hakuwahi kukiandaa. Kila asubuhi alikikuta mezani kimefunikwa sahani, na mkewe amempa mgongo, yuko kwenye cherehani na pini mdomoni. Mkewe mwenyewe alikula nini, na saa ngapi, ni jambo ambalo Nukta hakuwahi kuliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesoma sana, na sahani ile haikuwa na maandishi.

Kipeperushi cha kijani kilipotimiza miezi sita ukutani, mkewe alianguka akianika nguo uani. Kiharusi. Alilazwa wiki tatu, akarudi na mkono wa kushoto uliolala mapajani kama mzigo alioachiwa na abiria mwingine, na ulimi mzito ulioachia maneno moja moja. Maziwa alikatazwa, maana yalimjaza makohozi. Siku ya kuruhusiwa kutoka, wodi ilikuwa imefurika, na muuguzi mmoja alikuwa akigawa dawa huku akigawa na vipeperushi. Alimpa Nukta kimoja, akafungua mdomo aeleze.

"Hiki nakijua," Nukta alisema. "Nakijua chote."

Kwa kuwa alikijua, muuguzi alipita kitanda cha pili.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, msusi mwenye saluni yake upande mwingine wa mji. Jioni ile alikuja amebeba boksi.

"Baba, hii ndiyo blenda. Asubuhi unamsagia mama smuthi. Usitie mkono ndani ikizunguka."

"Nimesoma maelezo yake."

"Kusoma siyo kutumia, baba. Juzi umeunguza maji."

"Sufuria ndiyo iliungua. Maji yaliisha."

Msusi hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu, akashusha sauti ili mgonjwa chumbani asisikie. "Namwacha kwako mwezi mmoja. Jumatano ya mwisho anarudi kliniki kupimwa uzito. Akiwa amepungua tena, namchukua kwangu, na usiniletee mjadala."

"Na mimi?"

"Wewe hujaugua."

Nukta alikuwa ameshazijaribu wiki tatu za nyumba bila mkewe. Cherehani ilinyamaza. Saa ya ukutani ikapandisha sauti. Siku moja alijikuta amesimama jikoni anasoma kwa nguvu maneno ya kwenye pakiti ya chumvi, mpaka anwani ya kiwanda, ili tu mle ndani mwongee mtu.

Basi akaanza. Alibandika kipeperushi juu ya sinki, na kila siku saa kumi na mbili na robo akamenya, akakata, akapima maji kwa glasi, akabonyeza. Blenda ilinguruma, paka wa jirani akakimbia. Na lazima ikubaliwe kwamba Idara haikusema uongo: siku ya kwanza alitumia dakika kumi na moja, kufikia siku ya tano alikuwa anatumia dakika nne na nusu.

"Dakika nne na nusu!" alitangaza akiingia chumbani na glasi, kama mtu aliyemaliza mbio.

Kinywaji kilikuwa chepesi, cha rangi ya chungwa, kizuri machoni. Mkewe alipiga funda moja, akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka na shuka likachafuka. Nukta alimfuta, akafikiri kama mtu mwenye akili anavyofikiri, kwamba kitu kisichopita kooni kinahitaji maji. Akaongeza maji. Kesho yake mkewe alikohoa zaidi, naye akaongeza tena. Wiki ya pili mkewe akawa anafumba mdomo akimwona tu na glasi.

"Usiwe mbishi, mama. Hiki ni laini. Kimeandikwa laini."

Mkewe alimtazama kwa jicho la fundi anayefundishwa na mteja namna ya kukata kitambaa, akanywa nusu, akakohoa iliyobaki.

Jumatano ikafika, na msusi akawasindikiza. Mizani ya kliniki ilionyesha amepungua kilo tatu. Muuguzi wa pale, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu foleni, alimsikiliza kifua mara mbili, akakunja uso.

"Kifua hiki kina majimaji. Anakunywa nini asubuhi?"

Nukta alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alitoa chupa kwenye mfuko na kuifungua kwa heshima. Muuguzi akaiinamisha, kinywaji kikakimbilia mdomoni mwa chupa.

"Mzee, haya ni maji ya kunawia."

"Nimefuata kipeperushi. Neno kwa neno."

"Kipeperushi gani? Mgonjwa wa kumeza anapewa kitu kizito! Kizito kama uji wa mtoto, kijiko kwa kijiko, amekaa wima. Chepesi kinakimbilia njia ya hewa, ndiyo maana anakohoa. Si tumeandika?" Aliinuka, akaenda ukutani, akashusha kidole kwenye kile cha kijani mpaka chini kabisa. Kidole kikakosa pa kutua. "Mstari ulikuwa hapa. Niliuandika mimi mwenyewe nikaupeleka Idarani: mwenye shida ya kumeza, punguza maji. Mstari wa mwisho. Jamani, hawa wachapaji wamekula mstari wangu!"

Msusi akamgeukia baba yake. "Baba, si kwenu kule?"

"Kule tuko wengi," alisema Nukta.

Ilikuwa kweli. Walikuwa watu hamsini na wanne. Katika maisha yake alikuwa amesema sentensi nyingi zisizo na kosa, na hakuna iliyowahi kumkaa kooni kama ile.

Maana aliukumbuka mstari ule. Aliukumbuka na saa yake. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mpangaji kurasa akaja na prufu mkononi: "Nukta, mzee wangu, mstari mmoja umevuka. Nipunguze herufi au unakata?" Nukta alichukia herufi ndogo kuliko ujinga. Alisoma ukurasa mzima upya, akaona kipeperushi ni cha watu wazima wenye afya wanaowahi kazini, na mstari wa mwisho unazungumzia wagonjwa. Wagonjwa wana waganga wao. Akaupiga mstari kwa kalamu nyekundu, taratibu, kwa rula. Mkurugenzi alikisifu kipeperushi mbele ya wote kwa jinsi kilivyokaa vizuri kwenye ukurasa.

"Jumapili nakuja na gari," msusi alisema walipofika nyumbani. "Mfungie nguo zake."

"Nipe mpaka hiyo Jumapili. Sasa najua."

"Mwezi mzima ulikuwa unajua, baba."

Alhamisi Nukta alikibandua kipeperushi juu ya sinki. Alitia ndizi mbili, papai, embe, na maji vijiko vitatu tu. Blenda ililalamika kwa sauti ya mtu anayebebeshwa kabati. Kilichotoka kilikuwa kizito, kijiko kilisimama ndani yake. Alimketisha mkewe wima kwa mito miwili, akampa kijiko cha kwanza, akangoja ameze, akampa cha pili. Mkewe hakukohoa. Kati ya kijiko na kijiko hapakuwa na la kufanya ila kumtazama, na kwa mara ya kwanza Nukta aliona kwamba mkewe alikuwa na kovu dogo la sindano chini ya mdomo.

"La lini hili?"

"Zamani," alisema mkewe. Kisha akafikiri, akaongeza, "Kabla... ya... mtoto."

Bakuli liliisha baada ya saa moja na robo. Kazini alifika saa tatu na nusu, akakuta barua ya onyo mezani. Aliisoma, akaona haina kosa. Kisha akashuka kwa mpangaji kurasa kuomba ule mstari urudishwe.

"Mstari gani? Nukta, zile zimeshabandikwa nchi nzima. Unataka tukazunguke na kalamu?"

Ijumaa alichelewa tena. Jumamosi mkewe alikomba bakuli mwenyewe kwa mkono wa kulia na kusema, "Tamu." Jumapili msusi alikuja na gari la kuazima na mizani ya kuazima. Mama alipandishwa juu yake akishikiliwa pande zote mbili, kila mmoja akaachia kidogo, na mshale ukatulia.

"Nusu kilo," msusi alisema. Alipima tena. "Ameongeza nusu kilo kwa siku nne. Na kifua hakikoromi. Baba, kumbe unaweza!" Alicheka, akalirudisha begi tupu la mama yake uvunguni mwa kitanda kwa mguu, kama mtu anayesukuma mpira. "Haya, abaki. Umenishinda, mzee."

Hapo mtu mwingine yeyote angechemsha chai. Nukta alisimama katikati ya chumba, miwani moja machoni na nyingine kifuani. Alikuwa ameliona kosa, na miaka thelathini ya kazi haikumfundisha namna ya kuliona kosa na kupita.

"Ule mstari," alimwambia mkewe, "niliukata mimi."

Msusi aliacha kucheka. "Mstari upi?"

"Wa kliniki. Uliovuka. Niliukata mimi, kwa mkono wangu, ili ukurasa ukae vizuri."

Mkewe alikuwa amerudishwa kitandani. Mkono wake wa kulia ulikuwa unanyoosha mkunjo wa shuka, unaunyoosha na kuurudia, kama anataka kuushona.

"Ulijua... lini?"

"Jumatano. Palepale kliniki."

"Na... ukasema..."

"Nikasema tuko wengi."

Mkunjo wa shuka ulikuwa umeshanyooka. Aliendelea kuunyoosha.

"Niende," alisema.

"Mama, si ameweza sasa?" msusi alisema, na hakuna aliyeshangaa kuliko yeye mwenyewe kujikuta anamtetea. "Ndiyo, amekosea, lakini sasa ameweza."

"Niende."

Nukta alimfungia begi. Alikunja nguo moja moja, akaweka dawa juu ili zipatikane haraka, akaweka blenda kwenye boksi lake na boksi kwenye gari. Alimweleza binti yake kuhusu vijiko vitatu vya maji na mito miwili, akamweleza tena, mpaka msusi akasema, "Baba, nimesikia." Mkewe aliketishwa kiti cha mbele. Alimtazama mumewe kupitia kioo, si kwa hasira, ila kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma.

Jumatatu Nukta alifika kiwandani saa moja na nusu, wa kwanza kuliko wote, hajatia kitu mdomoni.