Mrija Uliopotea Njia

Kila nikisikia harufu ya godoro lililoanikwa juani, narudi kwenye roshani yetu ya Al-Nuzha, Jedda, ambako mama alikuwa muuguzi wa mkataba. Nilikuwa na miaka saba, na nguo yangu ya ndani haikukauka. Nilikwenda chooni kama watoto wengine, lakini nikishatoka tu mkojo ulinidondoka tena, nikicheza, nikila, hata nikisali.

"Mtoto wa muuguzi kunuka mkojo! Uvivu tu huo," mama alinambia, akinifinya mapaja.

Homa iliponizidi, alinipeleka kwa daktari mpasuaji wa watoto. Yule daktari alimuuliza mama maswali kwa Kiarabu, akaagiza nipigwe picha, kisha akatuchorea figo kwenye karatasi. Mrija mmoja wa kutoka figo, alieleza, haukuingia kwenye kibofu; ulitokea chini yake, kwa hiyo mkojo haukuwa na cha kuuzuia.

"Angejizuia vipi, sista? Kazaliwa hivyo."

Mama aliivuta sketi yangu, ikafunika alama za vidole vyake.

Nikapasuliwa, mrija ukaunganishwa na kibofu. Siku moja wodini nikaangusha gilasi kitandani, shuka likarowa chepechepe. Papo hapo mama akaingia.

"Si mimi, mama! Wallahi ni maji!" nikapiga kelele, nikajikunja ukutani.

Mama akaja, akakaa palepale kwenye shuka bichi, na sare yake ya kazi, asithubutu kunigusa.