Ukungu Usiingie

Nimefunua ndoo ya divai ya ndizi, na harufu ya gunia bichi imenipiga usoni. Ukungu mweupe umetanda tena juu yake, una manyoya kama kifaranga.

Mama naye alihangaika hivi hivi. Bwana shamba alimwambia kwa Kiswahili, "Mama, chunga ukungu usiingie kwa hiyo divai." Nyumbani tulisema Ekegusii, na ukungu aliojua mama ni ule unaoshuka mlimani asubuhi ukilowesha majani ya chai. Akaziba madirisha ya jikoni kwa magunia. Tukawa tunapika humo tukikohoa, macho yametuiva kwa moshi.

"Nani ameacha mlango wazi?" alifoka kila asubuhi, huku akifunua mtungi kuangalia kama ukungu umeingia.

Ulikuwa umeingia. Akauengua kwa mwiko, akatafuta gunia jingine.

"Sasa nizibe wapi tena?" aliuliza siku alipoimwaga divai yote migombani.

Mimi neno hilo nalijua maana zote mbili. Ndoo niliisugua kwa maji moto, nikaifunika vizuri, na bado. Nje, mlima hauonekani kwa ukungu. Nimesonya, nikainuka, nikafunga dirisha.