Onyesho Lisilorudiwa

Filamu za polisi na wapenzi alizoongoza Arai Misuzu zilimlisha vizuri, ila hakuna hata moja iliyomtoa baba yake nyumbani kwenda sinema. Mzee huyo, Pak Yongdae, fundi kandambili wa Ikuno, Osaka, Mkorea wa kuzaliwa na mbishi wa kujitakia, alikuwa na jibu lilelile: "Hao watu wako siwajui."

Basi safari hii Misuzu akaamua kutengeneza filamu ya watu ambao mzee anawajua. Mama yake, aliyemrithisha jina la Arai, alikuwa Mjapani, na tambiko la wafu la upande wa baba alizoea kulichungulia kutoka jikoni, kwa kuwa kwao walisujudu wanaume tu. Sasa alilitaka kwenye filamu, na alitaka baba yake ndiye asujudu. Mzee alikubali kwa masharti: picha ya kuwekwa kwenye meza ya tambiko iwe ya marehemu baba yake kweli, chakula kiwe cha kweli, na tambiko lisirudiwe.

"Mfu haitwi mezani mara mbili eti kamera imekorofisha," alisema.

Siku ikafika. Samaki, peari, wali na pombe vikapangwa. Kuwata, fundi sauti, akaufunga mlango, maana treni zilipita karibu mno.

Mzee akafoka. "Nani kafunga? Baba yangu apitie wapi, dirishani?"

"Mzee wangu, treni zitatuharibia sauti."

"Yeye kaishi nazo maisha yake yote. Hazimsumbui."

Watu wakaangua kicheko. Misuzu, ambaye sauti mbovu humuuma kama jino, aliutazama mlango.

"Fungua," akasema. "Kamera!"

Mzee akamimina pombe, akasujudu taratibu. Treni ikapita, ikapiga kelele zake, ikaenda. Misuzu alikuwa amekipata alichokitaka. Ila mzee hakuinuka. Alisogea kando, akaacha nafasi kwenye mkeka.

"Misuzu! Babu yako kaja, nawe umekaa huko kama mpita njia?"

"Baba, tunarekodi!"

"Na mimi nafanya nini hapa, nauza kandambili? Njoo, mwanangu."

Nafasi ile aliitamani tangu utotoni na hakuwahi kuthubutu kuiomba. Akavua vifaa vya masikioni, akaingia mbele ya kamera na soksi zake zilizotoboka.

Mpiga picha akamtazama Kuwata, Kuwata naye akamtazama mpiga picha. Anayesema "kata" ni mwongozaji peke yake, na mwongozaji alikuwa kando ya baba yake, paji la uso sakafuni, analia. Kamera ikaendelea.